Kisima changu kinakauka tangu machimbo ya kokoto yaanze kuvuta maji: je, nichimbe zaidi?

Mwenye Boma, Tororo

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo sitaweza kuzipata tena kwa urahisi. Nyumba yangu iko kijijini katika wilaya ya Tororo, upande wa bonde la mto Malaba, na tangu mwaka 2016 tunakunywa maji ya kisima kilichochimbwa kwa mashine hapa hapa uani. Karatasi aliyoniachia mchimbaji inaonyesha kuwa kina chake ni mita 51, kwamba siku kilipokamilika maji yalisimama mita 11 kutoka juu, na kwamba silinda ya pampu ya mkono, yaani sehemu inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma juu, imefungwa kwenye mita 27. Kaya tisa huteka hapo, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kurudi nyumbani na jerikeni tupu, hata katika kiangazi kirefu cha mwaka 2016 kuingia 2017.

Umbali wa kama mita 400 kutoka kwangu kuna machimbo ya mawe yanayosagwa kuwa kokoto. Walipoanza mwaka 2021 walikuwa wakikata mwamba ubavuni mwa kilima, na hatukuwa na neno nao. Baadaye walianza kwenda chini, shimo likawa linajaa maji, na tangu mwaka jana wameweka pampu ya dizeli ambayo hunguruma kuanzia alfajiri hadi jioni, siku sita kwa wiki, ikimwaga maji hayo katika mtaro unaoelekea kinamasini.

Kuanzia Januari mambo yamebadilika. Asubuhi mke wangu hupiga mpini zaidi ya mara thelathini kabla ya tone la kwanza, wakati zamani mapigo sita au saba yalitosha. Maji yakishatoka tunajaza jerikeni nne au tano, kisha mpini unakuwa mwepesi ghafla, pampu inakohoa hewa, na inatubidi tusubiri kama saa nzima. Siku wanazolipua baruti maji hutoka meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na hukaa hivyo hadi kesho yake. Jirani yangu aliye bondeni ana kisima cha kuchimbwa kwa mkono chenye kina cha mita 17, na sasa kimebaki na maji ya kufika kiunoni tu.

Msimamizi wa machimbo ameniambia kuwa hiki ni kiangazi na mvua za Machi zitarudisha kila kitu. Mchimba visima naye yuko tayari kuniongezea mita 30, ila anataka nusu ya malipo kwanza. Nimekwisha kutenga ng'ombe mmoja wa kuuza. Je, nichimbe zaidi? Na nitajuaje kwa hakika kwamba ni shimo lile linalochukua maji yetu?

Fundi Pampu, Mbale

Mzee wangu, pole sana, na nakusihi usimuuze ng'ombe kwanza. Nimefungua pampu za mkono kwa zaidi ya miaka kumi na tano katika wilaya za huku mashariki, na katika maelezo yako nasikia magonjwa mawili tofauti ambayo watu huyachanganya na kuyafanya moja.

La kwanza ni hayo mapigo thelathini ya asubuhi. Pampu nzima hubakiza maji ndani ya mabomba usiku kucha, kwa sababu valvu ya chini imeyafungia yasirudi. Ikiwa asubuhi unaanza na bomba tupu, basi ama valvu hiyo haifungi vizuri, ama mojawapo ya mabomba limetoboka na maji yamevuja kurudi kisimani. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Uganda yana asidi kidogo, nayo hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Tazama jerikeni ya kwanza ya asubuhi: ikiwa maji ni mekundu na yanasafika kadiri mnavyoendelea kuteka, kutu hiyo inatoka katika mabomba yako wala haihusiani na machimbo. Jaribu pia hivi: piga pampu mpaka maji yatoke kwa nguvu, pumzika nusu saa, kisha hesabu mapigo hadi yatoke tena. Yakizidi matano au sita, kuna mahali panapovuja.

La pili ni zito zaidi. Bomba lililotoboka linapunguza maji, lakini haliwezi kufanya pampu itoe jerikeni tano nzuri kisha ikohoe hewa. Kukohoa hewa kuna maana kwamba mnapoteka, maji ndani ya kisima yanashuka hadi chini ya silinda, na kisima hakipokei maji mapya kwa kasi ya kutosha. Pampu ya namna yako ikiwa nzima hujaza jerikeni ya lita 20 kwa mapigo 50 hadi 60, kwa hiyo jerikeni tano ni lita 100 tu. Hilo ndilo linalonifanya nisimpuuze yule anayevuta maji kilimani.

Sasa, kuhusu kuchimba zaidi. Umesema kina ni mita 51 na silinda iko mita 27. Chini ya silinda kuna mita 24 za kisima ambazo umezilipia tayari, na pampu haizigusi. Kwa nini ulipie mita 30 mpya kabla ya kutumia zile ulizonazo? Mabomba hayo huja kwa urefu wa mita 3 kila moja, nawe unayo tisa. Ukiongeza manne pamoja na fimbo zake za ndani zinazounganisha mpini na silinda, silinda inafika mita 39, na hiyo ni kazi ya siku moja kwa fundi na vijana wanne wenye mikono imara. Isitoshe, mwamba wetu wa huku hauna maji kila mahali. Maji hukaa katika tabaka la mawe yaliyooza juu ya mwamba na katika nyufa za mwamba wenyewe. Mashine inaweza kushuka mita 30 ndani ya jiwe kavu na ukabaki na deni tu.

Siku mtakapotoa mabomba, usikubali yarudishwe kabla ya kupima mahali maji yaliposimama. Funga uzito mdogo kwenye mwisho wa futi ya kupimia, paka chaki mita za mwisho, uishushe hadi uhisi imegusa maji, kisha uivute usome mahali chaki ilipolowa. Pima pia kina chote mpaka sakafu ya kisima, kwani ikiwa karatasi inasema 51 nawe ukapata 44, basi mita saba zimejaa tope na dawa yake ni kukisafisha kwa hewa ya kompresa. Na kabla ya kufunga, tia klorini, acheni ikae usiku mzima, kisha mpige pampu hadi harufu iishe, maana mabomba yaliyolazwa kwenye nyasi hurudi kisimani na uchafu.

Mama wa Mukono

Baba, naandika kwa sababu nilifanya kosa ambalo wewe bado hujalifanya. Kwetu pia kuna machimbo ya mawe, na kisima chetu kilipopungua nilimsikiliza mchimbaji wa kwanza aliyekuja na mashine yake. Aliongeza mita 25. Siku tatu tulikaa tukitazama vumbi jeupe likipanda kutoka kwenye tundu, na halikulowa hata mara moja. Fedha zile zilikuwa za karo ya binti yangu wa pili, naye alikaa nyumbani muhula mzima.

Baada ya hapo kampuni ilikubali kutuletea maji kwa gari mara mbili kwa wiki. Walileta kwa miezi miwili, kisha gari likawa halionekani, na tulipokwenda kuuliza tuliambiwa kuwa hawakuahidi lolote. Kweli, hatukuwa na karatasi. Tafadhali, lolote watakalokuambia, liandikwe, litiwe sahihi, na mwenyekiti wa LC ya kwanza, yaani baraza la kijiji, agonge muhuri.

Wakati mnapambana, vueni maji ya mvua. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati lenye mita za mraba 60 huleta lita 600, yaani jerikeni 30, ukiacha yale yanayopotea. Mimi huacha dakika za kwanza zioshe bati, ndipo nageuza bomba kuelekea kwenye tangi. Hayo hutosha kufulia na kunywesha mbuzi, na kisima kinapumzika.

Aliyekuwa Msimamizi wa Machimbo

Nimefanya kazi katika machimbo ya mawe kwa miaka minane, na vijana wengi wa vijijini wanakula kutokana na kazi hiyo, kwa hiyo naomba nisionekane kuwa nakuja kuyalaani. Lakini kwa ukweli, jambo la kuangalia ni pampu kuliko baruti. Mlipuko hutikisa ardhi na kuchafua maji kwa siku moja au mbili, kama ulivyoona, ila ni nadra peke yake kukausha kisima kilicho mita 400. Shimo linalovutwa maji kila siku ni jambo jingine kabisa. Shimo likishapita usawa wa maji ya ardhini linakuwa kisima kikubwa kuliko vyote kijijini. Maji ya pande zote huelekea huko, na usawa wake hushuka zaidi kadiri unavyolikaribia shimo. Visima vifupi ndivyo vinavyoumia kwanza, ndiyo sababu jirani yako ameathirika vibaya hivyo.

Njia ya kuligundua hilo iko mikononi mwenu, kwa kuwa umesema pampu hupumzika siku moja kwa wiki. Kisima cha jirani kiko wazi, na hicho ndicho kipimo chenu. Pigeni msumari mmoja kwenye mdomo wake, na kila mara mpime kutoka msumari huo huo. Pimeni Jumamosi jioni pampu inapozimwa, na Jumatatu alfajiri kabla haijawashwa, na mwombeni jirani asiteke katikati ya vipimo hivyo. Kiangazi hakijui Jumapili. Maji yakipanda kila pampu inapolala na kushuka kila inapoamka, msimamizi hatakuwa na jibu jepesi.

Pili, linganisheni usawa wa sakafu ya shimo na usawa wa maji yenu. Mafundi wa ujenzi wana ule mpira mwembamba wa plastiki unaojazwa maji ili kupata usawa wa msingi. Kwa hatua za mita ishirini ishirini mnaweza kutoka machimboni hadi uani kwako kwa asubuhi moja. Ikiwa sakafu ya shimo iko chini kuliko maji ya kisima chako, basi njia ya maji kuteremkia huko ipo.

Na lipo jambo la kuwaomba ambalo haliwafungii kazi. Badala ya kumwaga maji kinamasini, wanaweza kuyatuliza kwanza katika bwawa ili tope lizame, kisha wakayaelekeza kwenye handaki refu lililochimbwa kati ya shimo na visima vyenu, yakanywewa na ardhi. Hayarudi yote, na handaki lazima lisafishwe matope mara kwa mara, lakini nimeona likisaidia.

Wakili wa Kijijini

Naongeza upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu naona wengi hutishwa kwa kuambiwa kwamba mwenye shamba achimbe atakavyo, kwani "jiwe ni lake". Ni kweli kwamba Ibara ya 244 ya Katiba ya mwaka 1995 haihesabu udongo wa mfinyanzi, moramu, mchanga na mawe ya kawaida ya ujenzi kuwa madini, na ndiyo maana mwenye shamba huweza kuyauza. Ila Katiba hiyo hiyo inaruhusu Bunge kusimamia uchimbaji wake wa kibiashara, na Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imeuweka chini ya leseni. Maji ni habari tofauti. Kwa Sheria ya Maji, mamlaka ya kuyasimamia na kuyagawa yako mikononi mwa Serikali, na hakuna anayeyamiliki kwa kuwa tu shimo liko katika ardhi yake. Kanuni za Rasilimali za Maji za mwaka 1998 zinataka kibali kwa baadhi ya mitambo ya kuchukua maji, na kumwaga majitaka kuna kanuni zake za mwaka huo huo. Ibara ya 39 ya Katiba nayo inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya.

Andika barua moja fupi yenye tarehe na vipimo, usiweke matusi wala makadirio. Ipitishe kwa mwenyekiti wa LC ya kwanza, kisha upeleke nakala kwa ofisa wa maji wa wilaya, ofisa wa maliasili wa wilaya, mamlaka ya mazingira, yaani NEMA, na ofisi ya kanda ya maji ya Kyoga iliyoko Mbale, kwa kuwa maji ya Malaba huishia katika ziwa Kyoga kupitia mto Mpologoma. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba mambo mawili tu: kwanza, uonyeshwe cheti cha tathmini ya athari za mazingira cha machimbo hayo pamoja na masharti yake, pili, mtaalamu wa maji ya ardhini aje apime. Tunza karatasi ya mchimbaji wako kama hati ya ardhi. Ile namba ya mita 11 ya mwaka 2016 ndiyo shahidi wako mkuu, na watu wengi waliopoteza visima hawana kitu kama hicho.

Mwenye Boma, Tororo

Ndugu zangu, ni wiki ya tisa sasa tangu niwaandikie, nami nimerudi na majibu, kwa kuwa mlinishika mkono wakati nilipokuwa karibu kuteleza.

Tulifungua pampu katikati ya Machi. Bomba la sita lilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi karibu na nyuzi za kuungia, na kutu ilikuwa imelila hadi likawa jembamba kama bati la mkebe. Kijana aliyelishika alilipasua kwa kidole gumba. Washa za pistoni, yaani pete zake za kuzuia maji yasivuje, nazo zilikuwa zimelika. Kwa hiyo, Fundi, ulikuwa sahihi: sehemu ya lawama ilikuwa ya pampu yangu mwenyewe, na nilikwenda kumwambia msimamizi wa machimbo hivyo hivyo, kwa sababu sitaki kumbebesha mtu mzigo usio wake.

Lakini tulipima pia. Kisima kikiwa kimetulia usiku kucha, maji yalisimama mita 21.4. Mwaka 2016 yalikuwa mita 11. Sakafu tuliipata kwenye mita 49.8, hivyo tope si tatizo kubwa. Juu ya silinda palikuwa pamebaki mita 5.6 tu za maji, na hizo ndizo tulizokuwa tukizimaliza kwa jerikeni tano. Tumebadilisha mabomba yaliyoharibika, tumeongeza manne, na silinda sasa iko mita 39. Kaya zote tisa zinateka asubuhi na jioni bila kusubiri. Gharama yote haikufika hata robo ya malipo ya awali aliyotaka mchimbaji, na ng'ombe bado yuko zizini.

Kisima cha jirani tumekipima kila Jumamosi na Jumatatu, mimi na mwanawe wa darasa la saba, ambaye ndiye anayeandika daftarini. Wiki ya kwanza Jumamosi jioni maji yalikuwa mita 15.92 kutoka kwenye msumari; Jumatatu alfajiri 15.61. Wiki iliyofuata 15.95, kisha 15.66. Imeendelea hivyo kila wiki bila kukosa. Wakati wa Pasaka machimbo yalifungwa kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na Jumanne kabla ya pampu kuwashwa tulisoma 15.18. Msimamizi alisema ni mvua, na kweli mvua zimeanza. Lakini wiki hiyo hiyo ilinyesha mara mbili, tena mvua kubwa iliyojaza mitaro yote, na bado kufikia Jumamosi maji yalikuwa yameshuka hadi 15.88.

Barua ilipokelewa katika ofisi zote nne, na nakala zangu zina mihuri. Ofisa wa maji wa wilaya alifika, akapima mwenyewe, akapata tofauti ya sentimita mbili tu na kipimo chetu. Machimbo hayajaonyesha kibali cha kuvuta maji; wameombwa wakilete katika kikao cha Alhamisi ijayo kwenye ofisi ya kaunti ndogo, ambako nitamwombea jirani yangu jambo moja kwanza: apatiwe maji kwa maandishi tangu siku hiyo, maana kisima chake hakina mabomba ya kuongeza. Halafu nitaleta habari ya handaki.

Swali langu kwa aliyekuwa msimamizi: handaki hilo liwe na kina gani, na liwe umbali gani kutoka ukingo wa shimo, ili maji yasirudi tu shimoni?

Aliyekuwa Msimamizi wa Machimbo

Ndugu, kina chake kinategemea udongo. Lazima lipite udongo wa mfinyanzi wa juu lifike kwenye tabaka la mawe yaliyooza, ambalo ndilo linalopokea maji; kwenu chimbeni mashimo mawili ya majaribio, mjaze maji, na mtazame yananywewa kwa muda gani. Liwekeni karibu na visima kuliko shimo, kwa sababu likiwa ukingoni pampu itazungusha maji yale yale mchana kutwa. Liwe mbali na vyoo na zizi. Na kabla hamjalipitisha maji, wawe wamejenga bwawa la kutuliza tope, la sivyo handaki litaziba kabla ya msimu kwisha. Nenda na daftari la yule kijana kwenye kikao, naye umchukue, aeleze mwenyewe jinsi alivyopima.